Mkanda Uliosafishwa Bafuni

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, Inspekta Kwanini alikuwa amejifungia ndani ya bafu la nyumba ya watu, kwenye giza totoro, amekaa juu ya kigoda, magoti yamegusana na sinki. Mkono wa kushoto alishika kigurudumu cha plastiki. Mkono wa kulia alishika mkanda wa picha ambao haukuwa na mwenzake. Nje ya mlango, sauti ya Mzee Flashi ilikuwa ikimwelekeza kama mtu anayemwongoza dereva kurudi nyuma.

"Taratibu. Usiusukume. Uache uingie wenyewe."

"Mzee, hauingii."

"Basi umeupinda. Urudishe kidogo. Na vidole viwe vikavu!"

"Vinatoka jasho."

"Jipanguse kwenye sketi, mwanangu. Serikali itafua."

Kwanini si jina lililo kwenye kitambulisho chake. Alibandikwa jina hilo na kaka zake angali mdogo, kwa sababu hakuna alichoambiwa akakiacha kipite bila kuuliza kwa nini. Alipoingia polisi alidhani ameliacha nyumbani, lakini likamfuata mpaka kituoni, na sasa hata mkuu wake alimwita hivyo mbele ya watuhumiwa.

Kilichomleta bafuni ni daftari. Alhamisi ile zahanati ilimfanyia Mkunga sherehe ya kustaafu. Mkunga ni mke wa Mzee Flashi, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na kwa miaka arobaini na moja kila mtoto aliyempokea alimwandika kwa mkono wake kwenye daftari kubwa la jalada jeusi: jina la mama, tarehe, uzito, wa kiume au wa kike. Wengi hawakuwa na ushahidi mwingine wa siku waliyozaliwa. Daftari liliwekwa mezani karibu na dirisha ili kila mgeni alione. Keki ikakatwa, watu wakapiga makofi, na Mkunga alipogeuka kulichukua, meza ilikuwa na chombo cha maua peke yake.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alifunga mlango na kukagua mikoba yote. Hakupata kitu. Ndipo alipokumbuka kwamba Mama Ndoo, mfagiaji wa zahanati, alitoka getini na ndoo iliyofunikwa, na mkono wake ulikuwa umelemewa. Mama Ndoo akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Bodi ya zahanati ilikuwa ikae leo saa sita kamili mchana kumfukuza.

Simu arobaini zilipiga picha siku ile, na Kwanini alizipitia zote. Zilikuwa na keki, keki na keki. Lakini Mzee Flashi, aliyekuwa na studio mjini mpaka macho na mikono vilipomchosha, alikwenda na kamera yake ya zamani ya mkanda, na tabia yake ilijulikana: watu wote wakitazama huku, yeye hupiga kule. Mjini hapakuwa tena na mtu wa kusafisha mkanda. Mzee alikuwa na dawa zote chini ya kitanda, ila mikono ilimtetemeka kiasi kwamba chai alikunywa kwa kikombe cha mfuniko. Hivyo kazi ikaangukia kwa Inspekta. Asubuhi yote alifanya mazoezi sebuleni kwa mkanda mbovu, kwanza macho wazi, kisha macho yamefumbwa, Mkunga akimcheka kwa mapenzi kila ulipomponyoka.

Sasa haikuwa mazoezi. Mkanda ukigusana wenyewe kwa wenyewe, picha zitaganda pamoja. Mwanga ukipenya hata kwenye tundu la ufunguo, kwisha kazi. Dirishani walitundika mablanketi mawili, na chini ya mlango wakaweka taulo.

Alipumua, akaurudisha mkanda kidogo, akazungusha kigurudumu mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kitu kikabofya kidogo, halafu mkanda ukaanza kuingia kwa utii, laini kama utepe.

"Umeingia!" alipiga kelele.

"Wote?"

"Wote!"

"Weka kwenye tangi, funika, zungusha mfuniko mpaka ugome. Ndipo ufungue mlango."

Alipofungua, mwanga ulimpiga machoni, na Mkunga akampokea kwa vifijo kana kwamba ni yeye aliyejifungua.

Wakaweka tangi, kitu cheusi kisichozidi kopo la maziwa, ndani ya beseni la maji na vipande vya barafu. Mzee Flashi alitumbukiza kipimajoto kwenye dawa ya kwanza, akakisogeza karibu na pua.

"Nyuzi ishirini. Mimina. Dakika tisa. Kila dakika ikitimia, ligeuze juu chini mara nne, kisha ligonge chini kidogo litoe mapovu."

Kwanini akamimina, akageuza, akagonga. Dakika tisa ni nyingi kwa askari mwenye watu wawili wa kuhoji mbele yake.

"Mama, meza ilikuwa wapi hasa?"

"Kushoto ukiingia, chini ya dirisha. Nyuma yake palikuwa na spika."

"Spika za nani?"

"Za Fundi Spika, yule anayechumbia Mfamasia wetu. Moja mlangoni, moja nyuma ya meza yangu. Kijana mtaratibu. Harusi wiki mbili zijazo."

"Geuza!" alisema Mzee.

Kwanini akageuza. "Kabla ya keki ulisema chochote kuhusu daftari?"

"Nilisema mengi, nilikuwa na furaha." Mkunga akacheka. "Nilisema baada ya keki nitasoma mstari wa kwanza kabisa. Mtoto wangu wa kwanza. Nimesikia yuko mjini hapa, lakini simjui kwa sura, mama yake alihama naye angali mchanga. Nikasema nitasoma jina la mama, na mwana asimame nimkumbatie."

"Jina la mama ulilitaja?"

"La. Nilisema tu alikuwa mwalimu wa kushona aliyekuja leba na cherehani yake, hataki kuiacha nyumbani. Watu walicheka sana."

"Nani hakucheka?"

"Wewe nawe! Nitajuaje?"

"Gonga," alisema Mzee.

Akagonga. "Baada ya keki nini kilitokea?"

"Nililia. Kisha wakanilazimisha nicheze. Nikacheza upande mmoja tu wa ukumbi, maana mziki ulikuwa unatoka upande mmoja."

Kwanini alisimamisha tangi hewani. "Kwa nini?"

"Spika iliungua, nadhani."

"Geuza, Inspekta, geuza! Utaiharibu hiyo dawa!"

Ikaisha dakika ya tisa. Wakamwaga dawa, wakatia maji ya siki ili kuikata, kisha dawa ya kugandishia picha, dakika tano nyingine. Mzee Flashi alikaa mkao wa mtu anayesubiri nje ya wodi, na mkewe akamwekea mkono begani. Tangu afunge studio, hakuwa ameona tena mkanda wake mwenyewe ukitoka kwenye maji.

"Haya," alisema hatimaye. "Fungua."

Kwanini akafungua mfuniko, akavuta ncha ya mkanda. Ulitoka ukitiririka maji, kijivu na mweusi, na juu yake, viduchu lakini kamili, watu wakiwa wamegeuzwa rangi: nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, meno yamekuwa meusi, gauni jeupe la Mkunga limekuwa kama limechovywa kwenye wino.

"Zimetoka," Mzee alinong'ona. Kisha akasema kwa sauti ambayo mke wake hakuwa ameisikia kwa miaka: "Zimetoka, mama! Zimetoka zote!"

Mkunga akaanza kucheza palepale kwenye kigae kilicholowa, ikabidi ashikwe kiuno asiteleze.

Waliusuuza mkanda, wakaubana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya dirisha, mablanketi yameondolewa. Kwanini akachukua kioo cha kukuzia, akaanza mwanzo. Kwenye ukingo, chini ya kila picha, namba zilichapwa tangu kiwandani.

Picha ya kumi na nne: Mkunga anazungumza, daftari liko mezani. Jalada lake jeusi lilionekana jeupe pe juu ya kitambaa kilichogeuka cheusi. Halikuweza kupotea machoni.

Picha ya kumi na tano ilipigwa kupitia mlango uliokuwa wazi. Getini, mgongo wa mwanamke mwenye ndoo.

"Huyu ni Mama Ndoo?"

"Ndiye," alisema Mzee. "Nilipenda jua lilivyompiga. Nikapiga."

Picha ya kumi na sita: kisu kinaingia kwenye keki. Nyuma, chini ya dirisha, daftari jeupe pe. Lipo.

Kwanini alisogeza kioo. Alirudi kwenye kumi na tano, akaja tena kwenye kumi na sita. Mlinzi wa getini alishaandikisha maelezo: Mama Ndoo alitoka mara moja, hakurudi. Na Matroni mwenyewe alimwona akitoka na ndoo, hiyohiyo mara moja. Alipopita geti, daftari lilikuwa bado mezani.

Akatoa simu, akazipiga picha zile mbili pamoja na namba zake, akageuza rangi mpaka nyeusi ikarudi kuwa nyeusi, akampelekea Matroni. Halafu akampigia.

"Nimeona," alisema Matroni kwa sauti kavu. "Lakini picha siku hizi hupangwa watu wanavyotaka."

"Hizi haziwezi kupangwa. Ni mkanda mmoja, haujakatwa, ninao mbele yangu unachuruzika maji. Ya kumi na sita haiwezi kupigwa kabla ya ya kumi na tano. Njoo uuone."

"Na ule uzito wa ndoo?"

"Bomba lenu lilikatika maji Alhamisi, sivyo? Alisema amebeba matambara akayafue kwake. Umewahi kubeba matambara yaliyolowa, Matroni?"

"Nitaahirisha bodi," alisema Matroni.

"Usiahirishe. Ifute. Na umpigie simu wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Dakika chache baadaye simu ya Mkunga ililia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani, maana vigelegele vya Mama Ndoo vilijaa chumba kizima, na nyuma yake majirani wakampokea. Mkunga akajibu kwa vyake. Mzee Flashi akaziba masikio, anatabasamu mpaka mwisho wa taya.

Lakini daftari lilikuwa bado halijapatikana, na Kwanini alirudi kwenye kioo.

Picha ya kumi na saba ilimfanya ainame zaidi. Watu wote wanatazama keki, na pembeni kabisa, mkono umeingia kutoka nje ya picha, umegusa jalada. Uso umekatwa na ukingo. Kilichoonekana ni mkono wa shati lililogeuka jeusi, yaani jeupe, na saa ya mkononi.

"Saa iko mkono wa kulia," alisema. "Nani zahanati pale huvaa saa mkono wa kulia?"

Mkunga akaguna. "Daktari. Lakini Daktari? Yule hawezi hata kuchukua kalamu ya mtu!"

Kwanini alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya Daktari. Mzee Flashi akasogea, akatazama, akaanza kucheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Inspekta, soma hiyo namba hapo chini."

Akaisoma. Namba ilikuwa imegeuka, kama unavyoona maandishi kwenye kioo.

"Umesimama mgongoni mwa mkanda. Upande unaong'aa ndio wa kutazama, ule uliofifia unakupa mgongo. Pita huku."

Akapita upande wa pili wa kamba. Saa ikahamia mkono wa kushoto, mahali inapovaliwa na karibu kila mtu. Daktari akaponea hapo bila hata kujua kuwa alishukiwa. Kwanini akairudisha simu mfukoni, ameona haya kidogo, ila kicheko cha wazee wale kikamwambukiza naye.

"Basi mkono hausemi kitu," alisema. "Tuone ya kumi na nane."

Picha ya kumi na nane: meza, maua, hakuna daftari. Spika iliyo nyuma ya meza ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta, na waya wake umelala sakafuni, umechomolewa.

Akarudi kumi na sita. Pale spika ilitazama watu na waya umechomekwa.

Kwanini akahesabu kwa vidole. Mlango ulifungwa na mikoba ikakaguliwa, lakini daftari lilitoka. Mama alicheza upande mmoja kwa sababu mziki ulitoka upande mmoja. Sanduku la spika ni kubwa, lina mgongo unaofunguliwa kwa skrubu nne. Nani anaweza kuligeuza katikati ya sherehe na asiulizwe anafanya nini?

"Mzee," alisema, "mkanda huu ukauke salama. Narudi."

Duka la Fundi Spika lilikuwa mtaa wa pili, mlango umepakwa rangi ya bluu, ndani redio zilizofumuliwa kila rafu. Alimkuta amesimama nyuma ya meza, na mbele yake Mfamasia amekaa kwenye stuli, ameshika karatasi ya nyimbo za harusi. Kwa jinsi walivyonyamaza alipoingia, Kwanini alijua amekatiza jambo.

"Karibu, Inspekta," alisema Fundi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Asante. Naomba kusikia spika ya kushoto. Ile ya kwenye sherehe."

"Imeungua."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Kabla ya keki au baada ya keki?"

Fundi akamtazama mchumba wake. "Tunaweza kuzungumza nje?"

"Bisibisi iko mkononi mwako," alisema Kwanini. "Fungua mgongo."

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikaanguka chini. Ya tatu, ya nne. Ndani ya sanduku, limeviringishwa kwenye koti la kazi kwa uangalifu kama mtoto mchanga, lilikuwamo daftari la jalada jeusi.

Mfamasia alisimama. "Wewe?"

"Mama yangu alikuwa mwalimu wa kushona," alisema Fundi, haraka, kama mtu anayeruka maji. "Alinisimulia maisha yangu yote alivyokwenda leba na cherehani. Mkunga aliposema mwana asimame, nilijua ni mimi. Mstari wa kwanza, na tarehe iko palepale. Na wewe ulikuwa umekaa safu ya mbele."

"Tarehe imefanya nini?"

"Nilikwambia nina miaka thelathini na tatu."

"Ndiyo."

"Nina arobaini na moja."

Mfamasia akaiweka karatasi ya nyimbo mezani, taratibu. "Ulikosea miaka minane?"

"Niliogopa utaniona mzee. Halafu siku zikapita, nikashindwa pa kuanzia. Nilitaka nilirudishe usiku uleule, ila zahanati ilifungwa."

"Na Mama Ndoo?" Kwanini aliuliza. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ulijua amesimamishwa kazi?"

"Nimejua jana jioni. Sikupata usingizi. Asubuhi nilimwita huyu nimwambie yeye kwanza, kisha nije kituoni. Tumekaa nusu saa tunazungumza nyimbo."

Kwanini akamtazama Mfamasia, naye akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Kila nikitaja wimbo, anasema kuna jambo. Nikimuuliza jambo gani, anataja wimbo."

"Utaandika maelezo na utayatia sahihi," Kwanini alimwambia Fundi. "Lakini kabla ya hapo utakwenda kwa Mama Ndoo, ukiwa mchana kweupe, majirani wakisikia. Yeye ndiye aliyelipia uongo wako, naye ndiye atakayesema kama imetosha. Kisha kwa Mkunga. Yeye nadhani atakukumbatia, ila sikuahidi."

"Nitakwenda." Fundi alipangusa uso. Akamgeukia mchumba wake. "Kama harusi haipo, sema tu. Nitaelewa."

Mfamasia alilivuta daftari kwake. Hakufungua mstari wa kwanza. Alifungua mbele kidogo, akapeperusha kurasa tatu bila kutafuta, kama mtu anayekwenda nyumbani kwao, akaweka kidole mahali.

"Soma."

Fundi akainama. "Hili ni jina la mama mkwe."

"Endelea."

"Mtoto wa kike. Kilo tatu. Tarehe..." Midomo ikawa inahesabu. Akatumia vidole vya mkono mmoja, vikaisha, akaomba msaada wa mkono wa pili. "Lakini wewe uliniambia ishirini na tisa!"

"Nawe ukaamini. Hilo ndilo ninalolipenda kwako." Mfamasia alikuwa ameuma mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshampata mabegani. "Nafanya kazi zahanati ile, nililiona daftari hili mwaka wangu wa kwanza. Alhamisi liliposemwa kusomwa, nilikuwa naomba Mungu umeme ukatike. Lilipopotea, nilishukuru kuliko watu wote mle ukumbini, nikaenda nyumbani nikajilaumu."

Kwanini ilibidi akae juu ya sanduku la spika. Machozi yalimtoka kwa kucheka, na katika miaka yote ya kazi yake hakukumbuka ushahidi uliowahi kumchekesha namna ile.

"Thelathini na minane," alisema Fundi, bado anahesabu. "Basi tumepishana miaka mitatu tu!"

"Mitatu," alisema Mfamasia. "Hata hivyo umenizidi." Akapiga goti kidogo, adabu tupu, kichwa kimeinama. "Shikamoo."

Fundi Spika alimtazama, akamtazama Inspekta, akanyoosha kola ya shati lake lililolowa.

"Marahaba, mke wangu," alijibu.